Usisajili heda kwa kusikiliza mlio

KILA dirisha la usajili likifunguliwa, lazima ipo klabu itakayoingia mkenge. Inaletewa video ya dakika tatu: straika anapiga chenga, anafunga kwa kichwa, anafunga kwa mguu wa kushoto, muziki unapigwa kwa nyuma. Viongozi wanapagawa. Jamaa anapokewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta na anapewa jezi namba tisa. Ligi ikifika mzunguko wa pili ana bao moja la penalti, na goti linawekewa barafu kila Jumatatu. Ndipo mnaambiwa kumbe kule alikotoka alikuwa anacheza beki ya pembeni.

Habari za namna hiyo nimeziandika hadi vidole vinajua njia vyenyewe. Leo wasomaji wa mpira naomba mniwie radhi, nafasi hii naiazima kwa usajili mwingine unaofanyika kwa mtindo ule ule huku kwetu Mara. Ni usajili wa heda za magari.

Kwa asiyejua, heda ni yale mabomba yanayofungwa ubavuni mwa injini kupokea moshi unaotoka kwenye silinda, kabla haujaingia kwenye bomba refu la kwenda nyuma. Gari likitoka kiwandani linakuwa na manifodi ya eksozi, mara nyingi ya chuma kizito cha kusubu, inayofanya kazi hiyo hiyo. Vijana wanaing'oa, wanafunga heda ya kununua yenye mabomba yaliyopindwa kama utumbo wa mbuzi, na gari linaanza kunguruma tofauti. Wanasema limekuwa jepesi.

Kiabakari ni mji mdogo wa Wilaya ya Butiama, na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita hapo hapo. Wengi wanaujua kwa mgodi wa zamani wa dhahabu na kwa kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Jioni za wikiendi, hasa siku ya Simba na Yanga, utazijua Subaru za hapo kabla hujaziona. Forester, Impreza, Legacy. Halafu Altezza moja moja. Nyingine zinatoka Bunda, nyingine zinateremka kutoka Musoma mjini, zinapita tu, lakini zinahakikisha umejua kwamba zimepita.

(Ukisema "boxer" pale kituoni watu wanafikiria pikipiki ya bodaboda. Injini ya Subaru nayo ni boxer, kwa sababu pistoni zake zimelala na zinarusha ngumi kulia na kushoto. Tusichanganye, ingawa kwa kelele siku hizi zote zinakaribiana.)

Sina ugomvi na mtu kupenda gari lake. Ugomvi wangu ni huu. Mkoa huu una vijana wanaotaka kushindana kweli. Mashindano ya magari nchini utayasikia Iringa, Morogoro, Tanga, Arusha. Sisi wa Mara tunayafuatilia kwenye simu. Kijana wa hapa mwenye ndoto ya kukaa siku moja kwenye mstari wa kuanzia ana gari moja tu, na ndilo hilo hilo linalompeleka kazini na kumpeleka mama kliniki. Hela ya kwanza anayoipata anaipeleka kwenye kifaa ambacho kikichaguliwa vibaya kinaliua gari. Na likifa gari, ndoto inaishia gereji.

Nilimuuliza dereva mmoja, dogo wa umri wangu, kwa nini ameweka heda. "Kaka, sikia kwanza," akaniambia, akakanyaga mafuta. Hilo ndilo lilikuwa jibu lote. Fundi wake, mtu mzima, alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa soda. Akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, mimi ananiambia funga, nafunga. Kama inafaa au haifai, hajaniuliza."

Hajaniuliza! Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Tuanze na kazi yenyewe ya heda. Vali ya kutolea moshi ikifunguka, moshi hautoki taratibu kama maji ya bombani. Unatoka kwa kishindo, pigo moja moja, kila silinda kwa zamu yake. Pigo likisafiri ndani ya bomba linaacha mvutano nyuma yake. Mvutano huo ukiifikia silinda inayofuata kwa wakati wake, unasaidia kuuvuta moshi wake nje. Ukifika wakati mbaya, mapigo yanagongana njiani na moshi unasukumwa kurudi ulikotoka. Kwa hiyo urefu wa kila bomba na upana wake ni hesabu ya watu waliokaa chini wakapima.

Bomba likiwa pana kupita kiasi, kasi ya moshi inapungua na gari linakosa msuli kule chini, pale unapotoka kwenye kona au unapoanza mlima. Likiwa jembamba mno linakaba huko juu, injini inapokimbia sana. Huwezi kupata vyote. Ni kama kumtafuta kiungo: unataka wa kukaba au wa kuchezesha timu? Wakala anayekwambia anaye wa vyote viwili, tena kwa bei chee, muombe cheti cha kuzaliwa.

Kwa gari la silinda nne lisilo na turbo, sokoni kuna heda za aina mbili. Kuna ambayo mabomba manne yanakutana sehemu moja kwa mpigo. Kuna ambayo manne yanakuwa kwanza mawili, kisha mawili yanakuwa moja. Ile ya kwanza kwa kawaida inatoa nguvu zaidi juu kabisa. Ya pili inajaza katikati na chini. Sasa chukua Altezza RS200 ya gia za mkono. Toyota waliiandika nguvu za farasi 210, lakini zinapatikana injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Nionyesheni mahali kati ya Bunda na Musoma ambapo mtu mwenye akili timamu anaendesha kwenye mizunguko 7,600, penye punda, ng'ombe, watoto wa shule na matuta. Ukiifungia gari hiyo heda ya manne kwa moja umenunua nguvu ambayo utaifikia mara mbili kwa mwaka, na ili uipate umetoa ile unayoitumia kila siku. Kama ni lazima, chukua ya manne-mawili-moja. Kwenye Altezza hoja hiyo ina mashiko, kwa sababu gari lisilo na turbo linafaidika kweli na heda nzuri.

Kwenye Subaru ya turbo habari ni nyingine, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea.

Ule mlio wa Subaru unaopendwa, ule wa kukohoa kama ngoma iliyolegea, chanzo chake ni mabomba yasiyolingana urefu. Turbo imekaa upande mmoja. Moshi wa upande huo una safari fupi, moshi wa upande wa pili unapita chini ya injini kabla ya kuungana na wenzake. Mapigo yanafika kwa kupishana vibaya, ndiyo maana yanasikika vile. Kwa lugha nyepesi, mnachokishangilia ni kasoro ya mpangilio. Wajapani wenyewe waliiondoa: Legacy iliyotoka mwaka 2003 ilikuja na mabomba yenye urefu sawa, na mlio ule ukatoweka. Impreza STI za soko la Japani nazo zilipita njia hiyo, zikiwa na turbo ya milango miwili, ambapo silinda mbili mbili zinapewa njia yao hadi ndani ya turbo.

Kwa hiyo dogo anayenunua heda ya mabomba sawa kwa ajili ya Impreza yake akitegemea mlio uongezeke, atalia. Mlio unakufa. Gari linakuwa na sauti laini kama Corolla iliyokasirika. Na anayechukua heda ya turbo ya milango miwili akataka kuifunga kwenye turbo ya mlango mmoja atagundua kwamba hata matundu ya bolti hayakutani. Hapo ndipo grainda na mashine ya kuchomelea zinapoingia kazini, na hesabu yote ya Wajapani inageuka bamia.

Kuna jambo la joto pia. Turbo inazungushwa na moshi, na moshi ukiwa wa moto na wenye kasi inazunguka mapema. Manifodi ya chuma kizito ina sura mbaya lakini inatunza joto na inavumilia kupigwa. Heda ya bati jembamba inapoteza joto njiani, turbo inachelewa kuamka. Na ikipata ufa mdogo tu kabla ya turbo, moshi unavujia hapo, turbo haipati kitu, unakanyaga mafuta unasubiri kama unasubiri maamuzi ya VAR.

Nyufa ndiyo zetu. Kiabakari ukishatoka kwenye lami unakutana na moramu, na moramu ikikauka inajipanga mawimbi mawimbi yanayotetemesha gari hadi meno. Injini inatikisika kwenye mpira wake, bomba la nyuma limefungwa kwenye bodi, heda iko katikati inavutwa huku na huku ikiwa imeiva kwa moto. Mahali penye weldi mbovu panafunguka. Zaidi ya hapo, kwenye Subaru mabomba haya yanapita chini ya injini. Yako chini kuliko karibu kila kitu. Jiwe likirukia, wa kwanza kulipokea ni heda.

Wanaojua mchezo huu walilielewa hilo zamani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakiitwa East African Coronation Safari, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa mtumba. Narudia, mtumba, gari lililokwisha kutumika na wengine. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa nyota, na alijua kuifanya chuma ivumilie. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliipeleka Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, hadi mwisho wa Safari akamaliza wa 12, wakati magari makubwa kadhaa yakiwa yameachwa porini. Colin McRae naye alianza na Vivio mwaka huo huo na hakumaliza. Alipokuja kushinda mwaka 1997 kwa Impreza, injini yake ilikuwa inavuta hewa kupitia tundu la milimita 34 tu, kwa amri ya sheria. Chukua yai la kuku, hata la kienyeji, halipiti hapo.

Fikiria hilo tundu. Kama hewa inayoingia imekabwa kiasi hicho, huwezi kutafuta ushindi kwa kufungua matundu ya kutolea moshi peke yake. Wahandisi walitafuta msuli wa chini, gari litoke kwenye kona na kwenye tope, kisha wakatafuta namna ya kufika mwisho. Rali ya dunia iliporudi Kenya mwaka 2021, kule Naivasha, magari yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu hadi usawa wa paa, kwa ajili ya maji na lile vumbi laini kama unga. Toyota wakaja kuzoa nafasi nne za juu mwaka 2022 na wakarudia 2023. Magari hayo yalifungwa vifaa kwa kuangalia mahali yanapokwenda kupita.

Halafu kuna kitu ambacho wapenzi wengi wa heda hawakijui. Katika kundi N la sheria za FIA, kundi ambalo kwa miaka mingi ndilo lililobeba Impreza na Lancer Evolution za madereva wa ukanda huu, gari la turbo halikuruhusiwa kubadilishwa njia ya moshi kabla ya turbo. Uliruhusiwa kugusa baada ya turbo tu. Maana yake madereva waliokuwa wanawavutia mlipokuwa wadogo walikuwa wanakimbia na manifodi ya kiwandani, ile ile mnayoing'oa na kuiuza kilo. Na sailensa ni lazima hata kwenye rali, maana magari yale yanapita pia barabara za kawaida kati ya hatua moja na nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye Subaru ya turbo, Butiama na Bunda yote: acha manifodi ya kiwandani mahali pake. Najua haya siyo maneno yanayouza gazeti. Lakini kama una hela ya heda, tena heda ya maana ya kutoka Japani ambayo ukijumlisha nauli na ushuru unaweza kuuza ng'ombe zaidi ya mmoja, kuna sehemu nne tano za gari zinazokulilia kabla ya hiyo. Rejeta. Mipira ya kushikilia injini. Shokapu. Breki, jamani, breki! Na ngao ya chini.

Hiyo ngao nataka niiseme kidogo. Ukanda wetu una mafundi wa kuchomelea ambao kila siku wanajenga na kukarabati makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Kifaa kinachopigwa na mawe kuanzia asubuhi hadi jioni na hakifunguki weldi, kimetengenezwa na mtu anayejua kazi. Fundi huyo huyo ukimpelekea bamba zuri na ukampa muda wa kupima, atakutengenezea ngao ya kulinda sampu na manifodi ambayo wa Dar es Salaam ataifuata kwa basi. Iachiwe tu nafasi ya hewa kupita, kwa sababu joto likifungiwa mle litaoka kila kitu, na nafasi ya kumwagia oili bila kufungua bolti ishirini. Badala yake tunampa fundi huyu kazi ya kukata sailensa kwa dakika kumi.

Na wale wanaosema "lakini kaka, ya kwangu imeshapasuka, lazima nibadili." Sawa, hilo ni jambo lingine. Manifodi ya mtumba ya kiwandani, iliyotoka kwenye gari lile lile, inapatikana Mwanza na Dar kwa wauza spea, na mara nyingi ina afya kuliko heda mpya ya jina la stika. Ukiona kwako lazima iwe heda, basi ishike mkononi kabla hujalipa. Tazama kona zake. Bomba lililopindwa vizuri lina upana ule ule kwenye kona, lililopindwa kihuni limebonyea kama mrija wa soda. Tazama lile bapa linalogusa injini, liwe nene na lililonyooka, maana jembamba linapinda kwa moto na gasketi inaungua kila mwezi. Ingiza kidole ndani kwenye weldi, usikute vidonge vya chuma vimening'inia. Uliza tundu la sensa ya oksijeni liko wapi, kwa sababu likisogezwa vibaya kompyuta inasoma uongo, taa ya cheki injini inawaka, na fundi anakushauri uizibe kwa selotepu. Wapo wanaoshauri hivyo, nisidanganye.

Chuma nacho ni swali. Kisichoshika kutu kinadumu, lakini kikiwa chembamba kinapasuka kwa mtikisiko. Chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea hata ukikwama Nyamuswa, ila kutu itakisalimia mapema, hasa kwa tunaokaa karibu na ziwa. Na yale mabendeji ya kuzungushia heda yapendeze kama gari la mbio? Yanabana joto, ndiyo, lakini yanabana na unyevu. Kwenye chuma cha kawaida yanakaribisha kutu kwa siri, na utaiona siku bomba linapokatika.

Kompyuta ya gari ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka. Heda peke yake hailipui injini. Tatizo ni kwamba haiji peke yake. Dogo anaweka heda, wiki ijayo anatoa masega, mwezi unaofuata anaweka bomba pana hadi nyuma. Moshi unatoka bila kizuizi, turbo inaweza kusukuma hewa nyingi kuliko kompyuta ilivyopangiwa, mafuta yanakuwa kidogo kulinganisha na hewa, joto linapanda ndani ya silinda na pistoni inavunjika. Gari halifi siku ya kufungwa, ndiyo maana fundi wa heda halaumiwi. Linakufa miezi baadaye kwenye mlima, na watu wanasema Subaru mbovu. Kama hujui ni nani atakayekusetia kompyuta baada ya kubadili njia ya moshi, na kwa kifaa gani, hujawa tayari kubadili njia ya moshi.

Kuna pia ambalo halina uhusiano na mbio. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na heda inayovujia mbele inaipeleka ndani ya gari kupitia matundu ya hewa ya dashibodi. Watu wanne wamefunga vioo kwa sababu ya mvua, kichwa kinawauma, wanadhani ni safari. Na Subaru zina tabia ya kuvuja oili kwenye vifuniko vya vali, oili inadondokea moja kwa moja kwenye mabomba ya moto. Ile harufu ya kuungua mnayoijua. Kabla ya kununua heda yoyote badili hizo gasketi kwanza, la sivyo umenunua jiko. Sitazungumzia sana kelele za saa saba usiku karibu na zahanati, maana wahusika wanajua, na mama zao wanalala nyumba hizo hizo.

Nikisema haya vijana wananiambia, "Wewe ni mtu wa mpira, mambo ya magari tuachie." Mimi ni mtu wa mpira wa Mara, na ndiyo maana nasema. Oktoba 2021 Biashara United yetu iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Timu iliyotoka Uwanja wa Karume, Musoma, iko dakika 90 tu kusonga mbele. Haikufika Libya kwenye marudiano. Safari ilikwama, tukatolewa bila mpira kupigwa, na msimu ule ule ukaisha tukashuka daraja. Miguu ya kuwafunga Walibya tulikuwa nayo. Tulichokosa ni vile vitu visivyopigiwa makofi: ndege, vibali, mtu wa kuhesabu siku. Mkoa ulioonja hayo unatakiwa kuwa wa mwisho nchini kuweka hela kwenye mlio na kusahau rejeta.

Wadau wa magari wa mkoa huu wapo, nawajua kwa sura na wengine ni wasomaji wa ukurasa huu. Wakiamua kukutana hata mara moja kwa mwezi, wakapata kibali, wakafungiwa kipande cha moramu chenye usalama, wakapimana kwa saa, mjadala wa heda utakwisha ndani ya asubuhi moja. Weka Forester ya manifodi ya kiwandani yenye shokapu nzima na ngao. Weka nyingine yenye heda ya mlio na shokapu zilizochoka. Kilometa tano, na saa iongee. Mimi nitakuja kuandika matokeo, na nitaandika majina ya magari yote mawili.

Kwa aliyekwisha kununua na fundi yuko chini ya gari muda huu anafungua bolti, nina ombi dogo. Zile bolti zimekaa miaka zinapigwa moto, zikilazimishwa zinakatika ndani ya injini, kwa hiyo mwambie azimwagie dawa ya kutu jana yake na asiwe na haraka. Na ile manifodi ya zamani asiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ifungie kwenye gunia, iweke juu ya kabati nyumbani kwa mama. Utaifuata.